Bibi Olwen, Dungu na Tawi la Mkuyu

Bwana asifiwe! Aliyesinzia, jirani yake amfinye, kisha tuitikie tena. Haya.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye yule msichana wa shule ya misheni hapa Wema ninayecheka hata kwenye sala za mazishi. Leo nimesimama mbele yenu mzima wa afya, na sikuokolewa na akili zangu, maana hizo mwalimu wa hesabu amezitafuta akazikosa.

Mwalimu wetu Bibi Olwen mnamjua pia. Ukimwita Mwingereza anawaka. Yeye ni mtu wa Wales, na kwake hilo ni kama Mpokomo kuitwa Mgiriama. Huko kwao alikuwa bingwa wa michezo ya viungo. Tangu utotoni alibembea kwenye vyuma, akapinduka hewani, akatua juu ya ubao mwembamba kama kiganja. Akachaguliwa kwenda kuishindania nchi yake ng'ambo. Kabla ya safari akaponyoka kwenye chuma, goti likavunjika. Basi! Yote yakaishia hapo. Akaja kwetu kufundisha kusoma, akichechemea, wala hakuitaja michezo ile mpaka tulipomchosha kwa maswali. Ndipo akafunga pondo mbili, zile fito ndefu za kusukumia mtumbwi, kati ya miti, akatufundisha sisi wasichana kubembea.

Kijiji kilichafuka! Baba akaniambia, "Binti wa kuozwa ananing'inia kama popo? Nikikuona tena, huo upondo nitauvunjia mgongoni mwako."

Nikamjibu, "Sasa baba, mtumbwi utausukuma na nini?" Nikatoka mbio.

Mpunga ulipoiva, mimi na mdogo wangu Yona tulipelekwa shambani kufukuza ndege, juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mpunga. Jua kali, wingu hakuna. Lakini huko bara mvua ilikuwa imenyesha, na mto wetu haupigi hodi. Maji yakaanza kulamba miguu ya dungu. Mtu mwingine angeondoka. Lakini Mpokomo awaachie ndege mpunga ulioiva? Tukabaki tukirusha kombeo na kupiga kelele. Tulipotazama chini tena, shamba lilikuwa mto, na dungu likaanza kuzama upande.

Nikakumbatia nguzo nikaomba. Maombi yenyewe: "Mungu, ni mimi, yule anayecheka." Juu yetu kulikuwa na tawi la mkuyu, lakini kulifikia ilibidi niiachie nguzo niruke. Vidole vilikataa!

Hapo ukatokea mtumbwi, baba akisukuma kwa upondo, Bibi Olwen ameketi mbele. Walikuwa wameona maji yakipanda wakaja kututafuta. Mkondo ukawazuia kutufikia. Bibi Olwen akapiga kelele, "Achia! Ruka kama shuleni!"

Nikamtazama baba. Ndugu zangu, maji yako magotini, nami nangoja ruhusa!

"Baba, niruke?"

"Ruka, mwana wee! Unaniuliza nini? Ruka!"

Yona akaning'ang'ania shingoni. "Dada, usinichekeshe."

Nikaiachia. Mikono ikashika tawi, nikabembea, miguu ikapita juu, tukakaa pale kama ndege tuliokuwa tukiwafukuza. Dungu likaenda zake na maji kuelekea Ozi, kule mto unakoishia baharini. Haleluya!

Mkondo ulipolegea na mtumbwi kutufikia, Bibi Olwen alikuwa analia kumshinda Yona. Akasema, "Miaka yote hii namuuliza Mungu, kwa nini alinifundisha kuruka kisha akaniacha nivunjike." Baba, ambaye hajui kubembeleza mtu, akakohoa akamwambia, "Mwalimu, wafundishe na wavulana."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu ambaye hakuiacha ipotee bure hata siku moja ya jasho la yule mama. Nawe uliyekumbatia nguzo inayozama kwa sababu ndiyo uliyoizoea, iachie leo. Mtumaini Bwana, yuko karibu kuliko lile tawi. Usingoje kwanza hofu iishe. Mimi niliruka nikitetemeka, meno yakigongana, na nikapokelewa pamoja na kutetemeka kwangu.