Wenye Nchi wa Mto Luegu

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Maji Maji, nilivuka mto Luegu kwa mtumbwi pamoja na abiria wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa mzee Nditi, Mngoni, aliyekuwa akienda boma la Songea kudai shamba lake. Akida aliyeletwa kutoka pwani alikuwa amelichukua, kwa kuwa Wajerumani walitangaza kwamba ardhi isiyo na hati ni mali ya Kaisari.

"Haki gani hii?" alinung'unika. "Cheo na ardhi ni vya mzaliwa wa hapa. Huyu akida hata jina la mto huu hawezi kulitamka!"

"Kweli, baba," akasema Mwamvua, mama wa Kindendeule aliyeketi mbele yake. "Mgeni kumnyang'anya mwenyeji shamba ni dhambi. Na babu yako alizaliwa kijiji gani cha hapa?"

Mpiga kasia akakohoa. Mimi nikatazama maji, ingawa hayakuwa na jipya.

"Babu yangu alikuja na mkuki," mzee akajibu kwa fahari.

"Ndiyo, tunakumbuka. Alikuta shamba la babu yangu limeshalimwa, akashukuru sana."

"Hayo ni ya zamani, mama!"

"Basi vumilia, baba. Hata haya ya akida yatakuwa ya zamani."

Mtumbwi ukagota ukingoni. Askari wa boma alikuwa akitusubiri, kiboko mkononi. "Wanatakiwa watu wa kulima pamba ya serikali," akasema. "Wenyeji tu, wageni wapite. Nani mwenyeji hapa?"

Mzee Nditi akashuka upesi, akamwinamia Mwamvua kwa heshima.

"Tangulia, mama," akasema. "Mwenye nchi ni wewe."