Osmund Mbawala, Aliyepandisha Dawa Milimani

Mapadre, masista, viongozi wa serikali ya mtaa, ndugu, jamaa na majirani wa Mfaranyaki: familia ya Mzee Yohanes Mbawala inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kumsindikiza mpendwa wetu Osmund. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Benigna, kwa msaada wa wifi yake, Rosemary.

Osmund Yohanes Mbawala alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967 Namtumbo, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Yohanes na Mama Walburga, wakulima wa mahindi na tumbaku. Alibatizwa mwezi uliofuata. Utoto wake mwingi ulipita kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, akilinda moto. Moto ukizidi, tumbaku inaungua, ukipungua, inaoza. Baba hakuwa na kipimajoto. Alimfundisha kuweka mgongo wa mkono karibu na ukuta na kuhesabu moyoni. Osmund alikuwa akisema kwamba alijua kuhesabu joto kabla hajajua kuhesabu fedha.

Alisoma Shule ya Msingi huko huko Namtumbo kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hilo lilimuuma, ingawa hakupenda kulizungumza. Mwaka 1984 alikuja Songea kujifunza ufundi wa magari na pikipiki, akamaliza 1986 na kuanza kazi kwenye gereji ndogo hapa Mfaranyaki. Wenye pikipiki walimpenda kwa sababu alikuwa hafungui injini kabla ya kumwuliza mwenyewe imepita wapi.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Rosemary, fundi cherehani aliyekuwa na meza yake jirani na gereji. Mama Rosemary anasimulia kwamba kwa miezi mitatu Osmund alimletea suruali ile ile kushonwa goti. Siku moja akamwambia, "Kaka, hili goti linachanika kwa kisu. Sema shida yako." Akaisema. Mungu aliwajalia watoto watatu: Valence, Jane na Saimon.

Mwaka 1998 aliajiriwa kuwa fundi na dereva katika ofisi iliyokuwa ikihudumia zahanati za vijijini, na huko ndiko alikofanya kazi hadi maradhi yalipomzuia. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa kujitolea alipoondoka aliiachia ofisi pikipiki ambayo watu wa Songea walikuwa hawajapata kuiona: nyembamba, nyepesi, haina kiti kabisa. Ilikuwa ya mashindano ya kupanda mawe na magogo, na mwendeshaji husimama muda wote. Madereva waliicheka, wakasema ni pikipiki ya adhabu. Osmund aliitazama magurudumu, akaangalia njia za milimani kwa Wamatengo ambako gari hukwama kila masika, akaiomba. Mama Rosemary alimshonea mkoba wa turubai wa kubebea sanduku la chanjo mgongoni, kwa kuwa pikipiki yenyewe haikuwa na mahali pa kufungia hata mkungu wa ndizi.

Safari yake ya kwanza ya kwenda zahanati ya Litumbi, kilomita kumi na tisa za kupanda mfululizo, ilimshinda. Alikuwa na haraka. Alipanda akiwa ameshikilia klachi nusu nusu kila kona, na rejeta, kifaa cha kupoza injini, imezibwa na tope ambalo hakuliosha asubuhi. Pikipiki ile ilitengenezwa kwa vipande vifupi vya dakika mbili tatu, si kwa mlima wa saa mbili. Katikati ya njia ilichemka. Akachota maji ya kijito, akaimwagia injini, na chuma kikapasuka kwa mlio aliousikia hadi siku zake za mwisho. Akatembea. Alipofika Litumbi barafu ilikuwa imeyeyuka na chanjo haifai tena. Kina mama waliokuwa wamepanga foleni tangu alfajiri, watoto mgongoni, walirudishwa nyumbani.

Osmund hakumsingizia mtu. Alisimama mbele yao, akavua kofia, akasema, "Kosa ni langu. Naomba mnipe wiki mbili." Wiki mbili baadaye, injini ikiwa imetengenezwa, alirudi na chanjo zikiwa baridi.

Tangu hapo aliisomea ile injini kama mtu anayesomea upadre. Aliosha rejeta kwa brashi laini kila jioni. Aligundua kwamba breki inayogusa kidogo na mnyororo uliokazwa kupita kiasi huifanya injini itumike bure, na kwamba petroli ikija kidogo kuliko inavyotakiwa, moto huzidi ndani. Alipanda kwa gia ndogo, klachi imeachiwa yote, mwendo mmoja usiobadilika. Kubwa zaidi, alijifunza kupumzika kabla ya kuchemka, si baada ya kuchemka. Alichagua vituo vya kusimama, vyenye upepo na kivuli, akavipa majina. Vijana aliowafundisha waliona anawachelewesha. Kila kituo aliweka mgongo wa mkono karibu na injini, akahesabu, na hakuondoka hadi hesabu itimie.

Alhamisi tarehe 17 Machi 2016, mlima ulikuwa umeporomoka na Litumbi ilikuwa imekatika na dunia kwa siku tisa. Osmund alikuwa amepiga kambi chini ya mlima akipandisha dawa kidogo kidogo. Asubuhi hiyo muuguzi wa zahanati, Sista Fortunata, alipiga simu. Mama mmoja, Suzana, alikuwa amejifungua salama lakini damu haikatiki. Dripu zilizobaki ni mbili.

"Osmund, wahi," alisema. "Wahi, tafadhali."

Aliondoka saa mbili na dakika tano, dripu na sindano za kuzuia damu mgongoni. Baada ya kilomita nane feni ya rejeta ikafa. Akajaribu kuigusa waya, haikuwaka. Kuanzia hapo, alisimulia baadaye, alikuwa akisikia sauti mbili: ya Sista ikimwambia wahi, na ya injini ikimwambia ngoja.

Akasimama. Akazima. Akakaa kwenye jiwe.

Ndipo akapita Mama Imaculata Ndunguru akitoka shambani na ungo wa maharage kichwani. Habari za Suzana zilikuwa zimeshafika kila nyumba. Alipouona mkoba wa dawa na mwenye dawa amekaa, alipandwa na hasira.

"Wewe baba! Huko juu mtu anavuja damu, nawe umekaa hapa kama uliyekuja kuota jua?"

"Shikamoo, mama. Injini inachemka. Nikiilazimisha itanoki, na dawa itafika jioni kwa miguu. Nikiipumzisha dakika kumi, inafika."

"Na hizo dakika kumi, yeye atazitoa wapi?"

Osmund alituambia kwamba katika maisha yake hajaulizwa swali gumu kama lile. Alisema tu, "Sijui, mama. Feni imekufa, na leo hakuna upepo."

Mama Imaculata akamtazama, akaitazama pikipiki. Akatandika kanga yake chini, akamwaga maharage yote, akachuchumaa na kuanza kupepea rejeta kwa ungo, kwa nguvu, kama anayepuliza jiko la msiba. Osmund aliweka mkono, akahesabu. Dakika kumi zikawa sita. Mama yule hakuishia hapo. Aliwapigia ukelele watu wa kona ya juu, na kona ya juu wakawapigia wengine. Kila Osmund aliposimama alikuta watu na nyungo zao wakimsubiri. Alisimama mara nne. Alifika Litumbi saa nne kasorobo, injini nzima, dripu ya mwisho ikiwa bado ina vidole viwili vya maji.

Sista Fortunata alimpokea mkoba bila salamu. Osmund alitoka nje, akakaa nyuma ya zahanati, akalia. Suzana alipona.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu, na vipimo vikaonyesha kwamba figo zake zimechoka. Kwa miaka mitatu alisafishwa damu bila kunung'unika. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na ofisi yake, na jumuiya ndogondogo iliyosali naye kila Jumatano. Hospitalini alijifunza majina ya wote, hadi mama anayedeki. Siku ya mwisho alimwomba Rosemary amsomee majina hayo moja moja, na kwa kila jina alisema, "Huyo naye mwambie asante." Alipumua mara ya mwisho Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mjane, Rosemary, watoto watatu, Valence, Jane na Saimon, wajukuu wanne, mama mzazi, Mama Walburga, mwenye miaka themanini na tisa, ambaye ametembea mwenyewe hadi kaburini hapa, na ndugu watano. Ameacha pia madereva kumi na mmoja wa pikipiki za afya, ambao leo wamekataa gari na kulibeba jeneza mabegani tangu kanisani, wakipokezana.

Ee Mungu, ulitupatia Osmund kwa miaka hamsini na saba, nasi hatukustahili hata mmoja. Mpokee sasa, umpe raha yako na amani yako. Nasi tuliobaki, kwa ajili yake, tunasema asante.