Maisha ya Dada Yetu, Mistari Kumi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono leo, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu aliyeniachia ziwa, nami ni seremala, kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu, kwa hiyo nikikosea maneno ya kazi yake, wenzake mlioketi upande huu mnivumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kituo cha mabasi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mama yetu, fundi cherehani, na hayati baba yetu, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akaendelea na sekondari ya wasichana, na huko alizoea kuandika somo zima kwenye kikaratasi kisichozidi kiganja cha mkono, kisha akawagawia wenzake, hata wale waliokuwa wakigombea naye nafasi ya kwanza, na mwalimu alipomuuliza kwa nini anawapa silaha wapinzani wake, alijibu, "Mwalimu, nikibaki nalo peke yangu nitalisahau." Mwaka 2002 alihitimu stashahada ya kompyuta.

Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za maabara za hospitali, ghorofa ya tatu, chumba chenye meza sita na feni moja iliyolia kuliko ilivyopuliza, na siku alipomweleza mama kwamba kazi yake ni kuandika kodi, yaani maagizo ya kuiambia kompyuta cha kufanya, mama aliachia pedali ya cherehani akauliza, "Kodi ya nyumba ya nani?" Humo chumbani aliona jinsi watu wanavyohangaika wiki nzima na tatizo ambalo wa meza ya pili alishalimaliza mwaka jana, basi mwaka 2006 akafungua ukurasa kwenye mtandao, akawa anaweka vipande vifupi vya kodi, kimoja kimoja, kila kimoja hakizidi mistari kumi, na chini yake maelezo ya kinafanya nini, kinafaa wapi, na wapi kitakuunguza. Ndipo wenzake wakamwita Mistari Kumi, na watu wa nchi asizowahi kuzikanyaga wakawa wanamwandikia kumshukuru.

Tarehe 21 Juni 2008 alifunga ndoa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza ile feni, akarudi mara tatu, feni haikupona lakini yeye akapata mke, na wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 2010 na wa pili mwaka 2014.

Maradhi yalibisha hodi Jumatatu, tarehe 9 Agosti 2021, alipomgeukia jirani yake wa meza na kumuuliza, "Hivi orodha ya tarehe tunaipangaje?" Jirani alidhani ni utani, akamfungulia kipande alichokiandika marehemu mwenyewe, naye akakisoma taratibu mpaka mwisho, akasema, "Huyu aliyeandika anajua kueleza."

Tulizunguka hospitali nne, tukiomba damu yake ionyeshe upungufu wowote, wowote ule, mradi uwe na dawa, lakini kila karatasi ilirudi safi, na kwa kuwa majibu hayo yalichapwa na programu ya kampuni yake, shemeji yangu alimfuata yule jirani wa meza na kumuuliza kama huenda ina kosa mahali, akajibiwa, "Ipo sawa, shemeji. Natamani ingekuwa na kosa." Daktari akatuambia waziwazi kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, kwamba umemjia mapema mno, na kwamba hauna tiba.

Binti yake mkubwa akabandika vikaratasi nyumba nzima, jikoni, chooni, kwenye kabati, na kimoja juu ya picha ya harusi kilichosema, "Huyu ni Baba, mume wako, usimwogope," navyo vilimsaidia karibu miaka miwili, hadi Januari 2024, tulipomkuta amekishika kimoja juu chini akikitazama kwa adabu, kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. Tangu hapo tulibaki kumtazama tu. Mama alikuwa akimshonea gauni lilelile la bluu kila lilipochakaa, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumfanyia.

Tarehe 5 Novemba 2025 alilazwa kwa nimonia, na Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mguu na mimi nimesimama mlangoni nisijue pa kuiweka mikono yangu, dada yangu alifariki dunia.

Tunawashukuru daktari aliyekataa kutudanganya, wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani mliomrudisha nyumbani kila alipopotea bila kumuonyesha kuwa amepotea, na wafanyakazi wenzake mliokuja kuketi naye hata alipowaita wageni.

Jana asubuhi mtu tusiyemjua aliandika kwenye ukurasa wake, chini ya kipande kimoja, "Dada, mstari wa saba unanigomea, nimejaribu kila njia, nisaidie." Jirani yake wa meza alihangaika nao kutwa nzima, akashindwa, na jioni shemeji yangu akanitazama, basi tukaandika, "Aliyejua ametutoka. Samahani, sisi hatujui." Baada ya muda mfupi jibu likaja, maneno mawili tu, "Poleni ninyi." Huyo naye tunamshukuru, popote alipo.

Lala, dada yangu. Tulijaribu.