Pampu ya Olenguruone na Barua ya Bi. Chepkemei

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Sally Chepkemei atatundika aproni yake kwenye msumari wake wa siku zote na kustaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika Ushirika wa Viazi Tele, Nakuru. Anaondoka na afya njema, meno yote, na barua moja ya onyo kwenye faili. Kwa kanuni zetu, mwenye barua ya onyo haandikwi jina kwenye ubao wa heshima pale langoni. Nimeomba niandike wasifu huu kwenye jarida letu kwa sababu mimi, Gachanja wa Ununuzi, naijua barua hiyo kuliko mtu yeyote. Nitaifikia. Kwanza tumsifu mtu.

Alijiunga nasi mwaka wa 1998 kama fundi wa mizani. Wakati huo kazi yetu ilikuwa moja tu, kuteremsha viazi kutoka Keringet na Olenguruone hadi mjini. Mwaka wa 2014 wakubwa walitambua kwamba viazi vyetu vinakaangwa kwa mafuta, na mafuta hayo yakishachoka humwagwa mitaroni. Wakaamua tuyakusanye, tuyageuze dizeli, na lori lipande nayo milima ya Mau kuchukua viazi vingine. Bi. Chepkemei alikabidhiwa idara nzima, yaani mapipa sita na ufunguo wa stoo.

Tangu siku hiyo lori letu linanuka chipsi. Mbwa wa Njoro hulisindikiza hadi mwisho wa lami. Askari mmoja wa barabarani alilisimamisha karibu na Kariandusi, akafungua turubai, akatazama mapipa, kisha akauliza kwa uchungu kama chipsi zimeisha.

Wengi walidhani kukusanya mafuta ni kubeba mtungi tu. Bi. Chepkemei alitufundisha kwamba mafuta yaliyotumika yana makombo, unga, mifupa ya kuku, na mara moja saa ya mkono iliyokuwa bado inatembea. Shiru, muuza chipsi wa karibu na soko, aliwahi kutuongezea maji kwenye mtungi ili ujae. Bi. Chepkemei alichota kijiko kimoja, akakiweka juu ya moto, kikalia kama mahindi ya bisi. Wiki iliyofuata alimrudishia Shiru maji yake kwenye chupa, yakiwa yamechujwa. Hadi leo ni marafiki wakubwa.

Sasa pampu.

Mwaka wa 2016 tulihitaji pampu ya kuhamisha mafuta kutoka mapipa ya wateja hadi kwenye tangi la lori. Kamati ya watu tisa ilikaa miezi minne. Bi. Chepkemei aliandika mahitaji yote kwenye karatasi moja ya daftari: pampu ya gia, iendayo polepole, mpira mpana wa inchi mbili wa kupitishia mafuta, chujio la waya mbele yake, na ijaribiwe kwa mafuta yaliyolala nje, huko juu kwenye baridi, asubuhi. Karatasi hiyo haikufika kwenye kamati. Ilikuwa na doa la mafuta, na mwongozo wa ununuzi unasema nyaraka ziwe safi. Karani aliyepokea nyaraka aliiweka kando.

Basi kamati ikachagua pampu ya maziwa. Ilikuwa inang'aa sana, na ilikuja na mwavuli wa bure. Tuliijaribu uani Nakuru, saa saba mchana, kwa maji. Ilivuta vizuri ajabu, ikaosha gari la mwenyekiti wetu, Mzee Kahiga, na mwenyekiti akaridhika.

Uzinduzi ulifanyika Olenguruone mwezi wa Julai, kwenye jiko la shule moja ya bweni. Mafuta yalitiwa kwenye mpira asubuhi yakiwa moto kutoka kwenye karai, tayari kabisa. Lakini kwetu mashine haiwashwi hivihivi. Kulikuwa na maombi ya kufungua, kwaya mbili, hotuba tisa, na maombi ya kuiombea pampu yenyewe, ambayo mchungaji aliitaja kwa nambari yake ya kiwandani. Yote hayo yalichukua saa tatu na nusu, kwenye ukungu. Mzee Kahiga alipobonyeza swichi, pampu ililia, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mpira ulikuwa umekakamaa kama fimbo.

Nekoye, mpishi wa shule, alisogea akaugonga kwa mwiko. "Mathe," akamwambia Bi. Chepkemei, "hii si mafuta tena, ni sabuni. Lete kisu tukate."

Bi. Chepkemei aliziba ncha zote mbili za mpira, akaukunja, akauzamisha wote kwenye sufuria kubwa ya chai ya wageni. Mafuta yalipolegea, alitoa chini ya kiti cha lori pampu kuukuu ya mkono aliyokuwa ameifunga kwa leso, akahamisha mapipa matatu mbele ya umati. Alipigiwa makofi kuliko kwaya zote mbili. Mzee Kahiga aliinywa chai ile hata hivyo, akasema ina ladha nzito.

Jumatatu wakubwa walitaka jina la aliyeharibu. Hapa naacha kujificha. Karani aliyeiweka kando ile karatasi yenye doa ni mimi. Nilikuwa kwenye majaribio, zimebaki wiki mbili nithibitishwe kazini. Nilisimama kwenye ukumbi wa ofisi, nikiwa tayari kuingia niseme. Bi. Chepkemei alinishika mkono. "Gachanja, wewe uko na mtoto wa wiki tatu. Mimi wangu wameshaoa. Nyamaza tu."

Akaingia, akasema fundi ni yeye na kosa ni lake. Barua ikaandikwa. Cheo cha msimamizi wa kituo, alichokuwa amekingoja miaka mingi, kikapewa mtu mwingine. Mwaka uliofuata tulinunua pampu ya gia, neno kwa neno kama alivyoandika, na inafanya kazi hadi leo. Hakunikumbusha hata siku moja. Mimi nimenyamaza miaka tisa, na naona aibu.

Mwezi huu nilikwenda kwa Kui wa ofisi ya wafanyakazi, nikamwomba aihamishe barua ile iingie kwenye faili langu. Kui alisema barua haihami bila maelezo ya mwenye kosa, yaliyochapishwa na kusomwa na wote. Ndiyo haya. Nimeambatisha ile karatasi ya daftari, doa likiwa palepale, iwekwe kwenye faili lake badala ya barua.

Kwenye sherehe ya kumuaga, chai itatangulia hotuba.

Asante sana, Bi. Chepkemei, kwa mafuta, kwa kicheko, na kwa mtoto wangu ambaye sasa yuko darasa la nne. Tunakuombea siku ndefu, magoti mazuri na asubuhi zenye jua huko nyumbani Keringet. Fundi wa rangi yuko langoni tangu jana. Ameandika SALLY CHEP kwenye ubao wa heshima, akasimamishwa na Kui, anangoja jarida hili litoke. Limetoka. Fundi, malizia.