Gersakoni wa Mitungi Arobaini

Marehemu Gersakoni mwana wa Arishi alizaliwa hapa Karthago, mtaa wa waunda meli nyuma ya bandari ya duara, siku ya tatu ya mavuno ya zabibu, mwaka wa mahakimu wakuu Shafati na Adonibaali. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne. Mimi Batbaali ninayewasomea ndimi kitinda mimba, na kazi hii nimeachiwa mimi kwa sababu kaka zangu wawili waliobaki wanalia ovyo.

Alisoma miaka sita kwa waandishi wa hekalu la Eshmuni. Hesabu zilimtoa jasho, lakini lugha zilimwingia upesi. Kilibya alikipata jikoni kwa yaya wetu, na Kigiriki alikipata bandarini pamoja na matusi yake yote. Siku aliyoyajaribu mbele ya kuhani, mama alimnyima uji wa jibini na asali siku tatu mfululizo.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, karani wa kambi kule Sardinia, akapanda ngazi hadi kuwa kamanda wa ngome yetu moja ya Sisili. Jeshi letu ni la watu wa kukodiwa, na yeye alijua kila kundi linanong'ona nini. Sheria yetu mnaijua: aliye vitani hunywa maji, divai ni mwiko hadi arudi nyumbani. Marehemu aliishika sheria hiyo kwa meno. Kila asubuhi aliwanusa maofisa wake midomo. Watupa kombeo wa visiwa vya Baleari, ambao kwao divai ni chakula, walimbandika jina la Mzee wa Maji.

Alimwoa Arishati, binti wa mpika rangi ya zambarau. Nyumba za kupikia konokono wa bahari wanaotoa rangi hiyo zinavyonuka hakuna asiyejua, na siku ya posa kaka aliingia ameziba pua kwa shuka lake.

"We bwana," Arishati akamwambia, "harufu ya kwetu inakukera, na hiyo ya nyumbu uliyokuja nayo tuiiteje?"

"Iiteni mahari," akajibu.

Waliishi pamoja miaka ishirini na miwili, wakajaliwa watoto wawili.

Miaka mitatu iliyopita Wagiriki waliizingira ngome yake. Siku ya hamsini na moja jiwe walilorusha lilipasua birika kuu la maji ya ngome, maji yakamwagika, likabaki tope. Meli zetu zilikuwa bado siku nne zifike. Ghalani mlikuwa na mitungi arobaini ya divai ya wafanyabiashara, aliyoitia muhuri kwa mkono wake mwenyewe. Biuri, mkuu wa watupa kombeo, ambaye amesimama pale mbele leo, alimfuata.

"Mzee wa Maji, maji yako wapi?"

"Si unayaona?"

"Mimi naona tope. Nyie watu wa Karthago mtakufa mmeshika sheria mkononi. Sisi je? Tumekodiwa tupigane au tukauke?"

Kaka akaenda kuvunja muhuri. "Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Atakayelewa namtupia Wagiriki. Na mkiulizwa, semeni niliwaamuru."

"Na wewe mzee?"

"Mimi nitakunywa tope."

Alilinywa siku zote nne. Meli zilipotia nanga aliwapandisha watu wote, akapanda yeye mwisho.

Kamanda yeyote akirudi hujibu mbele ya Mahakama ya Watu Mia na Wanne, na wapo waliotundikwa msalabani kwa makosa madogo kuliko hayo. Nilimwahi melini kabla hajashuka. "Kaka, usishuke! Nenda kwa Wanumidia, nenda popote!"

"Batu, nikikimbia watawauliza hawa," akasema, akiwaonyesha watu wake. Akashuka.

Kuiacha ngome walimsamehe. Walipofika kwenye divai mambo yakabadilika.

"Uliwapa?" hakimu akauliza.

"Niliwapa."

"Na sheria ulikuwa unaijua?"

"Kuliko nyote mlioketi hapa."

Jamani, kaka yangu! Nilijifunika uso. Walimwachia uhai wake, lakini wakamvua cheo, na wakaamuru neno kamanda lisichongwe kwenye jiwe la kaburi lake.

Tangu tope lile figo zake hazikupona. Waganga wa hekalu walimhangaikia hadi mwisho, na tunawashukuru. Hakuwahi kulalamika, ila siku moja alimwuliza mkewe jiwe lake litaandikwa nini, na kabla hajajibiwa akasema jina la baba linatosha. Halikumtosha. Mimi nilikuwepo, niliuona uso wake, na mpaka leo inaniuma. Alifariki nyumbani kwake juzi asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja, punje za komamanga bado zikiwa kiganjani.

Marehemu ameacha mke, Arishati. Watoto, Elishati na Himilki. Kaka wawili, na mimi. Ameacha pia watu mia sita na kumi na wawili walioshuka melini siku ile kwa miguu yao wenyewe, nanyi mmejaa hapa hadi kwenye vitunguu vya jirani. Mtamlipa vitunguu vyake. Waheshimiwa wawili wa Mahakama mliokuja, asanteni kwa kuja. Jiwe ndilo hilo. Chini ya jina la baba yetu tumeacha nafasi tupu, kama mlivyoamuru. Mlikataza neno lile lichongwe. Kulisoma kwa sauti hamkukataza, kwa hiyo nawaomba nyote mliokunywa divai ile mseme pamoja nami, na wewe Biuri, paza sauti:

Pumzika kwa amani, kamanda.