Sosi ya Nyanya Iliyong'arishwa

Benchi la kijiweni lilikaa kati ya kibanda cha Fundi Viatu na gereji, mguu wake mmoja ukiwa tofali. Asubuhi hiyo Fundi hakugusa kiatu. Aliweka bakuli katikati ya benchi, akamega mkate, akawasihi wenzake waonje. Binti yake alikuwa anafika jioni, mara ya kwanza tangu wamzike mama yake, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: sosi ya nyanya za kuchoma, ile ya mama. Fundi alishaiharibu mara mbili, na sasa roho ilikuwa juu juu.

Injini, fundi wa magari, alionja kwanza.

— Mzee, haya maji ya rejeta.

— Nyanya nimechoma, vitunguu nimechoma, pilipili pia. Nikaponda, nikatia chumvi na ndimu. Nimekosea wapi?

— Moto! Ulichoma polepole. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nyanya inataka moto wa kuchomelea vyuma. Zilete gereji.

Kinyozi, waliyemwita Profesa kwa kusoma hata magazeti ya kufungia maandazi, akatikisa kichwa.

— Moto hauhusiki. Sokoni ulizisifu?

— Nimsifu nani?

— Nyanya.

— Nilisema tu, hizi nzuri.

— Umeona! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Zimekusikia, zikajitia maji zenyewe.

— Nyanya ina masikio? akauliza Injini.

— Mahindi yana ndevu, nyanya ishindwe nini?

Injini akakuna kidevu. Hoja ilikuwa nzito.

— Basi dawa ni kuzitukana.

— Nizitukane kabla ya kuzigeuza au baada? akauliza Fundi. Hakuwa anatania. Alitaka kujua kwelikweli.

Wakiwa bado wanabishana tusi lipi linaifaa nyanya, akafika mama mmoja na ndala iliyokatika kamba. Wakamkaribisha mkate, wakamweleza habari ya binti na sosi ya marehemu mama yake. Akaonja, akachungulia bakuli.

— Mbona nyekundu tupu? Yale maganda yaliyoungua yako wapi?

— Nimeyatoa, dada. Nikaziosha bombani mpaka zikang'aa. Mimi kitu hakitoki mkononi mwangu na masizi.

— Kaka yangu, umemwaga utamu wote! Mkeo naye alikuwa anaziosha?

Fundi akamtazama Injini. Injini akamtazama Profesa.

— Sijui, akasema Fundi.

— Miaka yote hiyo akipika, wewe ulikuwa wapi?

Swali halikuwa na ubaya, lakini Profesa akajifanya anatafuta sukari ya kahawa. Fundi akatazama ubao wa benchi pale anapokaa siku zote, ulivyolika na kulainika kwa kukaliwa.

Akainuka. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa bado kinafuka moshi.

— Unaenda wapi? Hatujamaliza! akasema Injini.

— Sokoni, kununua nyanya nyingine.

— Usizisifu! akapaza sauti Profesa.

— Hata sizipiki mimi. Atapika binti, yeye ndiye aliyekuwa jikoni na mama yake.

— Na wewe?

— Nitavuta kigoda, nikae humo humo ndani, nitazame.