Bwana Alipomnyamazisha Mwalimu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na watoto pia, hata hao wanaokimbizana jikoni. Leo sitawaambia wanyamaze, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Mimi ni Mama Neema. Wengi wenu hapa Jeddah mmenijua juzi tu, tulipohamia, ndiyo maana mnaniona mpole. Mngenijua nikiwa Riyadh! Kule Kenya nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na moja, na darasa langu likisikia viatu vyangu varandani lilikuwa linanyamaza lote. Nilijivunia jambo hilo, Mungu anisamehe.

Baba Neema alipopata kazi ya kutengeneza viyoyozi, alituleta tukaishi mtaa wa Al-Sulimaniyah, hukohuko Riyadh. Shule tulizoziweza zilikuwa zimejaa, na zenye nafasi hatukuziweza. Nikasema, shida iko wapi? Si mwalimu yuko nyumbani? Ndugu zangu, niliwashonea watoto yunifomu. Saa mbili kamili asubuhi nagonga sufuria kwa kijiko, hiyo ndiyo kengele, kisha naita rejista. Rejista ya watoto wawili, na wote nimewazaa mimi! Neema alikuwa na miaka tisa, Eli sita. Na hapo sebuleni nilikuwa nimewakataza kuniita mama.

Neema akaanza kufifia. Alikuwa mtoto wa maswali, akawa mtoto wa "ndiyo, mwalimu". Nikimpa kitabu asome kwa sauti, midomo inatetemeka na neno halitoki. Mimi ndio kwanza namkazia. Siku moja nikamsikia akimnong'oneza nyanya yake kwenye simu: "Shosho, mama alibaki Kenya. Huku tulikuja na mwalimu."

Nilijifungia bafuni nikalia. Nikaomba, "Bwana, mfungue mwanangu mdomo."

Bwana akafunga wangu!

Wiki hiyohiyo vumbi la Riyadh lilipiga siku tatu, koo likavimba, sauti ikakauka. Daktari akaniambia nisiseme neno kwa wiki mbili, hata kunong'ona, la sivyo ningeiharibu kabisa. Baba Neema alikuwa ametumwa kazi huku Jeddah. Mkate ulipoisha nikamwandikia Neema kikaratasi ashuke bakala, duka la mzee mmoja wa Kiyemeni chini ya jengo letu.

Alirudi na mkate na tende mbili mkononi. Akaniuliza kwa nini moja ni laini na nyingine ni ngumu, na zote ni tende. Jibu nilidhani ninalo, ila sauti sina. Nikainua mabega tu. Kesho yake akashuka tena, akamuuliza yule mzee kila tende inatoka mji gani. Akachora ramani. Akapima kokwa kwenye mizani ya jikoni, akamfundisha Eli majina ya tende kwa Kiarabu, akikosea anafuta mwenyewe. Akatafuta kwenye simu yangu jinsi ya kuotesha kokwa, akanisomea maelezo yote kwa sauti, mimi nimekaa chini kwenye zulia. Machozi yalinitoka. Yunifomu zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba tangu mwanzo wa wiki, na hakuna aliyeziulizia.

Sasa niwaungamie kitu. Wiki mbili zilipoisha sauti ilirudi, nami nikaificha. Niliogopa nikisema tu, mtoto atajifunga tena. Siku tatu nzima mwalimu mzima naandika vikaratasi! Siku ya nne tulikuwa roshani tukimwagilia makopo yake ya tende, Neema akasema bila kuniangalia, "Mama, najua umepona. Nilikusikia ukiomba bafuni."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa sijamaliza kukueleza."

Ndugu zangu, nilimkumbatia na kopo lake la udongo mkononi. Tangu siku hiyo watoto wangu ndio wanaosema asubuhi wanataka kujua nini, na mimi natafuta pamoja nao. Eli siku hizi ni samaki tu. Baba yake anampeleka sokoni hapa Jeddah, na hesabu anazifanyia hukohuko. Ziko siku nashikwa na hofu ya mitihani ya kwetu Kenya. Hofu hiyo nampelekea Mungu, simpelekei Neema.

Kama una mtoto aliyejifunga, usikate tamaa. Mkabidhi kwa Bwana, halafu kaa naye chini umsikilize. Mungu aliyenitoa kwenye ukali wangu hashindwi na wa mtu yeyote. Namshukuru, namshukuru tena.

Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini naona Neema amesimama, na hakuniomba ruhusa. Jina la Bwana libarikiwe. Sema, mwanangu.